Daktari aliyekuja nyumbani kumpumzisha Malkia wetu

Nyota tano kwa kazi yenyewe, nyota tatu kwa yale yanayofuata baada ya kazi. Kama unafuga mbwa, amezeeka na anateseka, nawe uko upande wa Ngong, Kiserian, Rongai au Karen, mwite daktari huyu wa mifugo, anayekuja nyumbani kumpumzisha mnyama, yaani kumtoa uhai kwa sindano bila maumivu. Nitaeleza kwa urefu. Nilipokuwa natafuta mtu wa kutufanyia kazi hii sikupata popote maelezo ya Kiswahili ya kinachotendeka hasa, kuanzia unapopiga simu hadi udongo unaporudishwa shimoni, na mtu mwenye uchungu hana nguvu za kuulizauliza.

Malkia alikuwa German Shepherd, jike, mweusi mgongoni, kahawia iliyoiva miguuni na kifuani. Alitufikia akiwa kilebu anayeenea kwenye kikapu cha sokoni, pamoja na karatasi zake za ukoo kutoka East Africa Kennel Club, klabu inayosajili mbwa wa ukoo, zikiwa na majina ya wazazi na mababu zake. Mume wangu ni mwalimu wa Historia mstaafu, na karatasi zile alizipenda mno. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu asisimuliwe kuhusu Max von Stephanitz, afisa wa jeshi la Ujerumani aliyemnunua mbwa aitwaye Horand na mwaka 1899 akaanzisha chama cha kuikuza mbegu hiyo, Horand akiwa wa kwanza kuandikwa katika kitabu cha ukoo. Malkia alikuwa akilala miguuni pa mzee hadithi ikiendelea, masikio wima.

Tulimleta kwa ajili ya ulinzi, baada ya wezi kututolea ng'ombe zizini usiku. Kazi hiyo aliifanya, lakini kwa desturi yake mwenyewe ambayo hakufundishwa na mtu. Kila usiku kabla hajatulia alipita mlango hadi mlango, akisimama kidogo kwenye kila chumba chenye mtu, halafu ndipo anarudi barazani kwake. Kama kitinda mimba wetu hajarudi kutoka chuoni, hakulala barazani, alilala getini. Mzee alipofanyiwa upasuaji wa goti, Malkia aliweka kambi mlangoni mwa chumba cha kulala, na muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji ilibidi amruke. Ngurumo za mvua za Aprili zilimtia hofu, akajificha bafuni nyuma ya pipa. Ukianza tu kukwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria alikuwa keshafika, hata kama dakika moja iliyopita alikuwa ng'ambo ya shamba. Watoto wanne wamekua na mbwa huyu. Namtaja hivi ili ujue huduma hii tulimtakia nani.

Alipokaribia miaka 11, kucha za mguu wa nyuma zilianza kukwaruza saruji. Sauti hiyo ndiyo iliyotangulia kila kitu. Kisha tukamwona akikanyagia mgongo wa wayo, kana kwamba mguu umesahau upande wa chini. Kisha kiuno kikaanza kuyumba anapokata kona. Tulidhani ni nyonga, kwa kuwa kasoro ya nyonga inajulikana sana kwa mbegu hii, tukampeleka kupigwa eksirei kwenye kliniki moja kubwa ya mjini. Nyonga zikaonekana si mbaya kwa umri wake. Wahudumu hawakumtendea ubaya, lakini sakafu yao ilikuwa ya vigae vinavyong'aa, na Malkia alitanuka miguu ya nyuma mbele ya watu na mbwa wengine waliokuwa wakibweka kwenye foleni. Hakuna aliyeleta hata zulia. Alitetemeka hadi tukamwingiza garini. Siku ile nilimwambia mzee kwamba, liwalo na liwe, Malkia hatafia mahali kama pale.

Ndivyo tulivyompata daktari huyu, kwa kuelekezwa na jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa.

Jambo la kwanza linalostahili sifa: hakuja na sindano. Nilipompigia alisema lazima amwone mgonjwa kwanza, siku nyingine kabisa, na kwamba inawezekana akakataa. Alikuja na pikapu yake, akiwa na fulana na gambuti, bila koti jeupe. Aliketi chini barazani akamwacha Malkia anuse mfuko wake hadi aridhike. Kisha akamsimamisha, akauchukua wayo wa nyuma na kuugeuza, mgongo wake ukagusa sakafu. Mbwa mzima huurudisha mara moja. Malkia aliuacha vivyo hivyo. Akajaribu wa pili, nao ukabaki. Hapo akatueleza kwa utaratibu ambao wanafunzi wangu wangeuelewa: dalili zote zinaelekea ugonjwa wa kudhoofika kwa uti wa mgongo, ambao German Shepherd ni miongoni mwa wanaoupata zaidi. Mishipa inayobeba habari kati ya ubongo na miguu inaharibika taratibu, kuanzia nyuma kwenda mbele. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliuhusisha na hitilafu katika jeni iitwayo SOD1, jeni ileile ambayo kwa binadamu inahusika na aina mojawapo ya ugonjwa wa kupooza misuli. Kipimo cha jeni kipo, lakini kinaonyesha hatari tu. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuuchunguza uti wenyewe baada ya kifo. Tiba ya kuuponya haipo.

Alisema pia kwamba ugonjwa wenyewe hauumi. Mzee aliposikia hivyo alishika neno hilo kwa mikono miwili. Daktari hakumkatiza. Alimwachia amalize, kisha akamwonyesha mabega ya Malkia, yaliyokuwa magumu kwa kubeba mwili mzima, na kidonda cha kulalia kilichoanza kuchomoza kwenye paja.

Kisha alitupa karatasi yenye kipimo kilichotungwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos. Kina vipengele saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 mnyama anahesabiwa kuwa bado ana maisha yanayovumilika. Alituomba tujaze kila mtu peke yake bila kuchunguliana, tukae na karatasi, tujaze tena baada ya muda. Mara ya kwanza mzee alipata juu kidogo ya 35 kwa sababu kwenye furaha aliandika 10. Yangu ilikuwa chini. Baada ya hapo Malkia alianza kujikojolea usiku, na kwa mbwa aliyekuwa na heshima zake kama yeye, aibu ilimwonekana: masikio yalilala, hakutaka kutazamwa. Tulipojaza tena, ya mzee ilitoka 28. Alinipa karatasi bila kusema kitu akaenda kukaa naye.

Nimewahi kushauriwa na madaktari wa watu na wa wanyama. Sijawahi kuona mtu akimsaidia mume wangu kufikia uamuzi mgumu bila kumsukuma hata kidogo. Kama ningekuwa natoa nyota kwa kitu kimoja tu, ningezitoa hapa.

Kuhusu malipo. Aliyataja kwenye simu kabla hatujauliza: gharama ya kumwona mgonjwa, gharama ya dawa kwa kufuata uzito, na mafuta ya gari. Malkia alikuwa na kilo 30 na kitu. Jumla, pamoja na ziara ya kwanza, haikufika shilingi elfu 15, na tulilipa kwa M-Pesa siku moja kabla. Yeye ndiye aliyependekeza hivyo, ili siku yenyewe mtu asishike simu kutafuta namba ya malipo huku analia. Baadaye nilielewa thamani ya ushauri huo.

Aliuliza maswali mengine mawili ambayo daktari yeyote makini atakuuliza. La kwanza, je, Malkia amemng'ata mtu katika siku 10 zilizopita? Akiwa amemng'ata, huwezi kumpumzisha na kumzika hivi hivi. Lazima kwanza kichaa cha mbwa kiondolewe shaka. La pili, shimo litachimbwa wapi, na lina kina gani?

Hili la shimo ndugu zangu wa Kajiado mlisikilize vizuri. Dawa inayotumika ni pentobabito, ya jamii ya dawa za usingizi, inayotolewa kwa kiasi kinachozidi sana kile cha kulaza mgonjwa. Haiozi upesi pamoja na nyama. Inabaki mwilini muda mrefu, na mnyama atakayefukua mzoga na kuula naye atalala asiamke. Huku kwetu kuna fisi, wengine wanapita hadi Rongai, na juu kuna tai ambao tayari wamepungua kwa kulishwa sumu. Kwa hiyo alisema wazi: bila shimo lililokwisha kuchimbwa na yeye kuliona, hafungui mfuko wake. Alitaka mita moja na nusu kwenda chini, mbali na kisima, mwili ufungwe kwa kitambaa kinachooza na wala si karatasi ya plastiki, na juu ya udongo yawekwe mawe. Mzee alinung'unika kidogo, maana udongo wetu ni mgumu na vijana walichimba kutwa nzima kwa sururu. Mimi niliona ni haki. Nilipokuwa mtoto, mbwa akizeeka alifungwa kamba akapelekwa korongoni, na hakuna aliyeuliza kilichomla.

Upande wa mtoto pia alitusaidia. Mjukuu wetu ana miaka sita na alimpanda Malkia mgongoni kabla hajajua kutembea. Mama yake alitaka tumwambie kuwa Malkia amesafiri. Daktari alishauri tumwambie kwamba Malkia ni mgonjwa sana, dawa hazimsaidii, na kwamba atakufa Jumamosi bila kuumia. Alituonya pia tusimwambie "atalala", kwa kuwa kuna watoto ambao baada ya hapo huogopa kitanda. Kijana aliuliza, "Shosho, atakufa na mimi nikiwepo?" Nikamwambia achague. Alichagua kumlisha asubuhi na kukaa kwa jirani wakati wenyewe ukifika.

Jumamosi watoto wote walikuja, mmoja akitoka Nakuru kwa gari la alfajiri. Nilikuwa nimeuliza kama anapaswa kukaa na njaa, nikaambiwa hapana, ale anachopenda. Nilimpikia maini na ugali, na ukoko nikamkwangulia wote. Alikula kila kitu. Hapo ndipo nilipotaka kuahirisha, nikiona hamu ya kula ile. Nilimwambia daktari alipofika. Akasema, "Mwalimu, ukisema leo hapana, nitarudi nyumbani na sitakudai hata mafuta. Ila usingoje siku atakayokataa chakula, maana siku hiyo itakuwa mbaya kwake." Mzee akasema tuendelee.

Tulimlaza barazani kwenye godoro lake, kichwa mapajani pa mzee. Sindano ya kwanza ilikuwa ya kumtuliza, kwenye msuli wa shingo, huku binti yetu akimlambisha siagi ya karanga kwenye kijiko. Sidhani kama aliisikia. Daktari alitutangulizia kila jambo kabla ya kulifanya: sasa atapumua polepole, huenda ulimi ukatoka nje, huenda akatapika kidogo, msiogope. Hakutapika. Ndani ya dakika kama 10 kichwa kilikuwa kizito, na kidonda cha paja, ambacho kwa wiki nyingi hakutaka kiguswe, nilikigusa asishtuke. Tulipewa muda hapo. Kila mtoto alimwinamia akasema lake. Daktari alikuwa amesogea hadi kwenye ngazi akituachia nafasi, wala sikumwona akitazama saa.

Aliporudi alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akaingiza mpira mwembamba mshipani na kuufunga kwa plasta. Alisema huwa hachomi sindano ya mwisho moja kwa moja, kwa sababu mshipa wa mbwa mzee unaweza kuhama na dawa ikamwagika nje. Kisha akamtazama mume wangu. "Mzee, uko tayari?"

"Endelea, binti yangu."

Dawa iliingia taratibu. Malkia alivuta pumzi moja ndefu, akavuta nyingine fupi, kisha kifua kikatulia. Daktari aliweka stetoskopu akasikiliza, akangoja, akasikiliza tena, ndipo aliposema kwamba moyo umesimama. Baada ya muda kidogo mwili ulitoa pumzi kama ya kushtuka, na misuli ya paja ikacheza. Kama hakutuonya, watoto wangepiga kelele wakidhani yu hai. Mkojo ulitoka, na alikuwa amekwisha kutandika taulo chini. Macho hayakufumba, alijaribu kuyafunga kwa vidole yakafunguka, akatueleza kwamba ndivyo yalivyo kwa mbwa. Tulimfunika leso yangu ya zamani, na ndiyo tuliyomzikia. Wanangu wawili na vijana wa shamba walimshusha shimoni kwa kamba. Daktari alibaki hadi mawe yalipowekwa, akarusha na yeye konzi ya udongo, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Alituandikia barua ya kuthibitisha kifo, yenye jina lake rasmi na tarehe, kwa ajili ya kumbukumbu za klabu. Mzee ameiweka kwenye faili ileile yenye karatasi za ukoo.

Sasa nyota nilizopunguza. Wiki chache baada ya mazishi uliingia ujumbe kwenye simu yangu, kutoka kwa mfumo wa kliniki yake, ukinikumbusha kwamba Malkia anafaa kuletwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Niliusoma nikiwa ndani ya matatu, na sikuweza kujizuia. Nilipompigia aliomba radhi mwenyewe, akalifuta jina. Lakini ofisi inayojua kumuaga mbwa vizuri namna ile inapaswa kulifuta jina siku hiyohiyo. Pili, baada ya mazishi hakuna anayekupigia kukujulia hali. Mume wangu aliendelea kuacha mlango wa barazani wazi usiku, na simu moja tu ya dakika mbili ingemfaa. Watu wengi bado wanaona aibu kumpa mtu pole kwa ajili ya mbwa. Pastor wetu alikuja, nashukuru, lakini majirani walitaka kujua tu tutanunua mwingine lini. Tatu, wanaoishi kwenye fleti na hawana shamba la kuzikia watapata shida, kwa maana daktari huyu hana mpango wa kuuchukua mwili wala kuuchoma, na atakataa kufanya kazi hadi umwonyeshe pa kuzikia. Ni msimamo sahihi, ila afadhali angekuwa na jibu kwao.

Kwa wanaotaka kununua kilebu wa mbegu hii, na wapo kila siku: karatasi za ukoo ziangalieni, lakini mwulizeni mfugaji pia kuhusu eksirei za nyonga za wazazi na kipimo cha SOD1. Wazazi wawili wanaobeba hitilafu hiyo bila wenyewe kuugua wanaweza kuzaa watoto walioirithi pande zote mbili, na hao ndio walio hatarini. Kipimo ni cha kusugua pamba ndani ya shavu. Mfugaji akikasirikia swali hilo, ondoka. Daktari huyu huyu anaweza kuchukua sampuli na kuituma.

Na kabla ya kumwita daktari mwingine yeyote, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, mwulize atatumia dawa gani, na kama atatoa ya kutuliza kwanza. Anayekuambia sindano ni moja na dakika tano zinatosha, mshukuru utafute mwingine.

Simu ya daktari huyu hupokewa vizuri asubuhi kabla ya saa tatu. Baadaye huwa yuko kwenye ng'ombe wa watu na mikono haishiki simu. Ukituma ujumbe, andika umri wa mbwa, uzito wake na mahali mlipo, naye atakupigia jioni. Usiku hafanyi kazi hii ya kupumzisha isipokuwa mnyama yuko katika maumivu makali, na Jumapili hafiki kabla ya ibada kwisha.